Pareto: Ua Lililohama Nchi Baada ya Nchi

Mtu akipanda milima ya Molo au Kisii katika nchi ya Kenya, au akipita katika nchi ya juu ya Mbeya na Njombe katika Tanzania, aweza kukuta mashamba yenye maua madogo meupe, yenye kiini cha manjano, yameenea shamba zima kama nguo iliyoanikwa. Mgeni asiyejua atadhani ni maua ya kupambia nyumba. Sivyo. Hayo ni maua ya pareto, na ndani yake mna sumu iuayo mbu, nzi, chawa, kunguni na viroboto.

Watu wengi wa milimani wamelilima ua hili, na baba zao vilevile, lakini ukiwauliza lilitoka wapi, na kwa nini bei yake ilipanda na kuanguka, wengi hujibu, "Tulilikuta." Kwa hiyo nimeona yafaa niandike habari zake. Ua hili halikukaa mahali pamoja. Biashara yake ilianza Asia, ikaenda Ulaya, ikaenda Ujapani, ikaja kwetu Afrika ya Mashariki, na mwisho sehemu yake kubwa ikavuka bahari hata Australia. Kila ilipohama palikuwa na sababu. Na sababu hizo zafaa zijulikane na kila mtu ashikaye jembe.

Tabia ya mmea

Pareto si mmea wa mwaka mmoja kama mahindi. Ni mmea mdogo wa majani, ambao ukiisha kushika mizizi hukaa shambani miaka mitatu au minne na kuzaa maua kila msimu. Kimo chake chapata magoti ya mtu mzima au huzidi kidogo. Majani yake yamechanika-chanika, na rangi yake ni kijani chenye kijivu, kana kwamba yamenyunyiziwa majivu. Wataalamu huuhesabu katika jamaa moja na alizeti. Sumu yake haimo sana katika majani wala katika mabua. Karibu yote imo katika vijimbegu vilivyosongamana ndani ya kile kiini cha manjano. Katika kilo mia moja za maua makavu, sumu yenyewe hupata kilo moja au mbili tu.

Mmea huu hutaka mambo matatu. La kwanza ni jua. Ukipandwa chini ya miti hurefuka kwa unyonge, na maua yake huwa machache. La pili ni baridi. Na hapo mtu aweza kushangaa, maana wapenda jua na baridi pamoja. Usipopata majuma kama mawili ya baridi hautoi vitumba vya maua, bali huwa majani matupu. Ndiyo sababu mtu wa pwani hawezi kuulima, na kwetu husitawi katika nchi iliyoinuka mita 1,800 na zaidi juu ya bahari. La tatu ni udongo upitishao maji. Maji yakituama, mizizi huoza, na mmea hufa ungali kijana.

Tena liko jambo jingine, nalo ndilo ufunguo wa habari hizi zote. Mmea wapenda jua, lakini sumu ya ua lake yaogopa jua. Dawa ya pareto ikinyunyizwa mahali penye mwangaza mkali, nguvu yake huisha upesi, wala haipiti siku nyingi. Watu wa zamani moja waliihesabu tabia hiyo kuwa ni kasoro. Watu wa zamani nyingine waliihesabu kuwa ni sifa. Msomaji na aliweke jambo hili moyoni, maana tutalikuta tena mbele.

Kutoka Kaukazi mpaka Dalmatia

Hapo kale watu wa Uajemi na wa milima ya Kaukazi walikuwa na unga wa kuulia wadudu, uliosagwa kwa maua mekundu yaliyo ndugu wa pareto. Wauzaji waliificha siri ya unga huo. Yasimuliwa ya kuwa mfanya biashara mmoja Mwarmenia, alipokuwa akisafiri katika Kaukazi mwanzoni mwa karne ya kumi na tisa, aliwaona wenyeji wakiutumia, akapata kujua ua unakotoka, na mwanawe akaanza kuutengeneza kwa biashara. Unga ukafika Ulaya, ukaitwa unga wa Kiajemi. Katika mji wa Vienna alikuwako mtu jina lake Johann Zacherl, aliyeuleta kutoka Tiflis, mji ambao leo huitwa Tbilisi, na jamaa yake wakajenga kiwanda kikubwa kwa biashara hiyo.

Lakini ua jeupe, yaani hili letu, asili yake ni Dalmatia, nchi ya mawe na jua jingi kando ya Bahari ya Adria, ambayo leo ni sehemu ya Kroatia. Huko lilimea mwituni bila kupandwa na mtu. Wenyeji husimulia ya kuwa mwanamke mmoja wa mji wa Dubrovnik aliyachuma maua hayo kwa uzuri wake, na yaliponyauka akayatupa pembeni mwa nyumba. Baada ya majuma kadha akaona wadudu wamekufa, wamelizunguka lile fungu la maua makavu. Kama masimulizi hayo yamepambwa au hayakupambwa, tangu yapata mwaka 1840 watu wa Dalmatia walianza kulilima ua hili na kulisaga, nalo likaonekana kuwa na nguvu kuliko lile jekundu. Basi wanunuzi wakauacha unga wa Kaukazi, wakaufuata wa Dalmatia. Hiyo ndiyo hama ya kwanza, na sababu yake ni bidhaa iliyo bora.

Kutoka Dalmatia mpaka Ujapani

Mwaka 1886 kijana mmoja wa Ujapani, Ueyama Eiichiro wa jimbo la Wakayama, ambaye jamaa yake walikuwa wakulima wa machungwa, alipewa mbegu za pareto na mfanya biashara kutoka Marekani. Akazipanda, akawahimiza wakulima wa Ujapani nao wazipande. Kisha akafikiri jinsi ya kuutumia unga wake. Wajapani wana desturi ya kuchoma udi. Naye mwaka 1890 akauchanganya unga wa pareto katika vijiti vya udi, ili moshi wake ufukuze mbu.

Vijiti vile vilikuwa na upungufu mmoja: viliungua upesi, vikaisha kabla ya saa moja kutimia, na mbu wakarudi mtu akiwa katika usingizi wa kwanza. Hapo mkewe Ueyama, jina lake Yuki, akatoa shauri mwaka 1895: udi ufanywe mrefu na mnene, kisha uzungushwe kama nyoka aliyejikunja, ili uungue polepole usiku kucha. Ilichukua miaka kuitengeneza vema, hata mwaka 1902 ikaanza kuuzwa. Basi msomaji, kila uwashapo ile dawa ya mbu ya mviringo usiku wa masika, ujue ya kuwa unalitumia shauri la mama yule.

Vita Kuu ya mwaka 1914 ilipotokea, ilipiga nchi za Ulaya ya kusini, na biashara ya Dalmatia ikavurugika. Wanunuzi wa Marekani wakageukia Ujapani. Na baada ya vita hawakurudi kama walivyokuwa. Hiyo ndiyo hama ya pili, na sababu yake ni vita. Mkulima wa Dalmatia hakuwa na kosa. Lakini mnunuzi akiisha kuizoea njia nyingine, kumrudisha ni kazi kubwa.

Kuja kwake Afrika

Mwaka 1928 mbegu kutoka Dalmatia zililetwa Kenya, zikajaribiwa na walowezi wa Kizungu katika nchi ya Nakuru. Katika miaka ya 1930 maua makavu yakaanza kupelekwa ng'ambo. Na katika miaka hiyohiyo ua likapandwa katika milima ya Tanganyika, ya kusini na ya kaskazini, na katika Rwanda na Kivu.

Hapo jambo la ajabu likaonekana. Katika Dalmatia na Ujapani pareto huchanua mara moja kwa mwaka, baada ya baridi ya kipupwe kupita. Lakini katika milima yetu iliyo karibu na ikweta, jua li karibu sawa mwaka mzima, na baridi ya usiku haikosekani. Kwa hiyo mmea huchanua miezi tisa au kumi kwa mwaka. Tena maua ya Kenya yalipopimwa yalikuwa na sumu nyingi kuliko ya Dalmatia na ya Ujapani.

Lakini neema hiyo ilikuja na mzigo wake. Ua lichanualo kidogo kidogo miezi tisa halivunwi kwa siku moja. Lataka mikono, na mikono ile irudi shambani kila majuma mawili au matatu. Mikono hiyo ilikuwa ya nani? Ilikuwa ya Waafrika, wengi wao wanawake na watoto. Mashamba ya pareto ya Kenya katika miaka hiyo yalikuwa karibu yote ya walowezi. Mwafrika alilichuma ua wala hakuwa na lake.

Ujapani ilipoingia vitani mwezi wa Desemba mwaka 1941, pareto yake haikufika tena Marekani wala Uingereza. Nao askari walikuwa wakiugua malaria katika visiwa na misitu ya mashariki, na chawa waliwaletea homa kambini. Kenya ikawa tegemeo la mataifa yaliyoshirikiana. Katika Marekani wataalamu wawili, Goodhue na Sullivan, walitengeneza mkebe wenye dawa ya pareto na gesi, mtu akiufungua dawa hutoka kama ukungu. Ndani yake walitia pia mafuta ya ufuta, kwa kuwa ilikwisha kuonekana ya kuwa mafuta hayo huizidishia pareto nguvu. Mikebe ya leo ya kupulizia wadudu ni wajukuu wa mkebe huo.

Upande wetu habari ilikuwa nyingine. Mwaka 1942 Serikali ya kikoloni ya Kenya iliweka kanuni za kuwalazimisha Waafrika kufanya kazi katika mashamba ya mazao yaliyohesabiwa kuwa ya lazima kwa vita, na pareto ilikuwa mojawapo. Na katika Tanganyika watu waliandikishwa vilevile kwa nguvu. Basi wako wazee waliolijua ua hili si kama mali yao, bali kama kazi ya shuruti mbali na nyumba zao. Hiyo ndiyo hama ya tatu, na sababu yake tena ni vita. Nasi tusisahau ni nani waliochukua uzito wake.

Dawa ya DDT, na kasoro iliyogeuka sifa

Mwaka 1939 mtaalamu wa Uswisi, Paul Müller, aligundua ya kuwa dawa iitwayo DDT huua wadudu wa namna nyingi. Dawa hiyo ilikuwa rahisi ya bei, tena ilikaa muda mrefu. Ukuta ukipakwa, mbu aliyeugusa hata baada ya miezi alikufa. Katika mji wa Naples, Italia, ilitumika katika kipupwe cha mwaka 1943 na 1944 kuua chawa walioeneza homa ya tafusi. Mwaka 1948 Müller alipewa tuzo ya Nobel. Watu wakasema, "Pareto ya nini tena? Jua likiipiga siku moja yaisha, DDT yadumu." Bei ya pareto ikaanguka, na wakulima wengine wakaing'oa.

Lakini kudumu kule ndiko kulikoleta taabu. Mnamo mwaka 1946 na 1947 katika nchi za Ulaya nzi walianza kuonekana ambao DDT haikuwaua tena, maana waliosalia ni wale waliokuwa na nguvu ya kuistahimili, nao wakazaa wenziwao. Tena dawa haikuondoka katika udongo wala katika maji. Iliingia katika samaki, na katika ndege walao samaki, hata mayai ya ndege wengine yakawa na maganda membamba yakavunjika. Mwaka 1962 Rachel Carson, mwanamke wa Marekani, alitoa kitabu chake *Silent Spring*, akawaonya watu juu ya dawa hizo. Na mwaka 1972 Marekani ikakataza DDT katika kilimo.

Hapo watu wakalikumbuka ua. Ile tabia ya kuisha juani, iliyohesabiwa kuwa kasoro, sasa ikawa sifa: dawa ifanyayo kazi yake kisha ikatoweka, wala haibaki chakulani. Lakini mtu asidhani ya kuwa pareto haina hatari yoyote. Huwaua nyuki na samaki kama iuavyo mbu. Kwa hiyo isinyunyiziwe maua ambayo nyuki huyazuru, wala maji ya kuoshea vyombo vyake yasimwagwe mtoni. Na watu wengine wakiyashika maua kwa muda mrefu huwashwa ngozi.

Wataalamu nao hawakulala. Staudinger na Ružička walikuwa wamekwisha kutangaza mwaka 1924 jinsi sumu ya pareto ilivyoungana. Kwa elimu hiyo wengine waliiga: mwaka 1949 ikatangazwa dawa ya kwanza ya kuiga pareto kwa kemia, na mwaka 1973 wataalamu wa Rothamsted katika Uingereza wakatangaza permethrini, ambayo haiogopi jua kama mama yake. Vyandarua vyenye dawa ambavyo watoto wetu hulala ndani yake vimetiwa dawa za ukoo huo, na dawa nyingi za mbu za kuchoma vilevile. Basi ua lilizaa watoto, nao watoto wakawa washindani wa mama yao sokoni.

Ua mikononi mwa mkulima mdogo

Mwaka 1954 Serikali ya Kenya ilifanya mpango wa kilimo, ulioitwa kwa jina la Swynnerton aliyeuandika, na kwa mpango huo Waafrika walianza kupewa nafasi ya kulima mazao ya kuuza, pareto ikiwamo. Baada ya uhuru mwaka 1963 ua likaenea katika mashamba madogo ya Kisii, Nyandarua, Nakuru na penginepo, wakulima wakiuza kwa njia ya vyama vya ushirika. Kwa jamaa nyingi pareto ndiyo iliyolipa karo ya shule na kununua mabati ya nyumba. Sasa mchumaji wa jana akawa mwenye shamba.

Ili msomaji asiyelijua ua hili afahamu ni kazi gani imo ndani ya kilo moja, nitaieleza kwa ufupi.

Mkulima huandaa shamba mapema, akaondoa magugu yote, hasa yale yenye mizizi mirefu, akafanya matuta ili maji yasituame. Mvua kubwa ianzapo, hupanda miche aliyoiotesha kitaluni kwa mbegu, au huchimbua mmea mkubwa na kuugawanya vipande, kila kipande na mizizi yake. Kati ya mche na mche huacha futi moja, na kati ya mstari na mstari futi mbili, ili kila mmoja upate jua lake. Kisha ni kupalilia tena na tena, maana pareto ni fupi na magugu huifunika upesi, yakainyang'anya mwangaza.

Baada ya miezi mitatu au minne maua ya kwanza huonekana, na hapo ndipo subira inapoanza. Ua halichumwi likiwa kitumba, maana sumu bado haijakamilika. Wala halichumwi likiisha kuzeeka na kuanguka petali. Huchumwa petali zikiwa zimenyooka sawasawa, na duara tatu au nne za kile kiini zimekwisha kufunguka. Huchumwa kwa vidole, kichwa kitupu bila kikonyo, wala si wakati wa umande mwingi. Huwekwa katika kikapu chenye matundu. Yakishindiliwa katika gunia au debe hupata moto na kuharibika. Siku ileile hutandazwa membamba juu ya mikeka au chanja, yageuzwe, yalindwe na mvua, hata yakauke kiasi cha kuvunjika yakisuguliwa. Yakiisha kukauka yasiachwe nje bure, bali yawekwe ghalani mahali pakavu pasipo mwangaza, na kupelekwa kiwandani bila kukawia, maana nguvu yake hupungua kadiri yanavyokaa. Kilo nne au tano za maua mabichi hutoa kilo moja tu ya makavu.

Msimu ukiisha, mabua makavu hukatwa ili machipukizi mapya yapate nafasi. Na mmea ukifika mwaka wa tatu au wa nne huchoka. Basi hung'olewa, ukagawanywa, ukapandwa katika udongo mwingine, na shamba la kale likapandwa zao la namna nyingine, kwa sababu vijidudu viilavyo mizizi hukusanyika mahali palipopandwa pareto miaka mingi.

Hiyo ndiyo kazi. Mtu aifanyaye humkopesha mnunuzi jasho lake la mwaka mzima. Wahenga walisema, "Mkulima ni mmoja, walaji ni wengi."

Ahadi ni deni

Kenya ilifika mahali pa kutoa zaidi ya nusu ya pareto yote ya dunia. Maua yote ya wakulima yalikusanywa na bodi moja ya Serikali, ikayapeleka katika kiwanda cha Nakuru, ikauza ng'ambo. Maadamu malipo yalifika, mpango huo ulikwenda. Lakini tangu miaka ya 1990 malipo yakaanza kuchelewa, na baada ya mwaka 2000 mambo yakazidi kuwa mabaya. Mkulima alipeleka maua, akapewa karatasi, akangoja mwezi, akangoja msimu. Wengine wakangoja miaka. Mama aliyekuwa ameahidi karo kwa mwalimu alikwenda kwenye kituo cha kununulia akarudi mikono mitupu.

Wakulima hawakufanya vurugu. Walifanya jambo moja la kimya: waling'oa. Mahali pa pareto wakapanda viazi na mahindi, au majani ya ng'ombe wa maziwa, vitu viletavyo fedha au chakula mapema. Na mmea wa miaka mitatu ukiisha kung'olewa haurudi kwa tangazo la siku moja. Hata miche ya kupandia hukosekana.

Wakati huohuo katika kisiwa cha Tasmania, kilicho kusini mwa Australia, wakulima walikuwa wamejifunza kulilima ua hili kwa njia nyingine. Huko huchanua mara moja kwa mwaka. Kwa hiyo hupandwa kwa mbegu katika mashamba makubwa, likavunwa kwa mashine. Mkulima wa kule hufanya mapatano na kampuni kabla ya kupanda, akajua atalipwa nini. Wanunuzi wa dunia walipoona maua ya Kenya hayafiki, wakaelekea Tasmania. Na leo hapo ndipo itokapo sehemu kubwa kuliko nchi yoyote. Hiyo ndiyo hama ya nne. Haikuletwa na vita. Wala udongo wetu haukuchoka, wala jua halikupungua, wala mkulima hakuwa mvivu. Sababu kubwa ilikuwa ahadi isiyotimizwa.

Tusikate tamaa, hata hivyo. Katika Kenya sheria ya mwaka 2013 iliruhusu makampuni mengine kununua na kusindika, na watu wengine wamerudi kupanda. Katika Tanzania wakulima wa nyanda za juu za kusini huendelea, na kiwanda cha Mafinga husindika maua yao. Rwanda nayo hulima katika udongo mzuri ulio chini ya milima ya volkano.

Neno la mwisho

Tukizitazama hama zote nne, twaona jambo moja. Mbili zililetwa na vita, na moja kwa kupatikana bidhaa bora. Juu ya hizo mwanakijiji hana uwezo. Lakini ile ya nne ilikuwa katika uwezo wa watu, na yaweza kutokea katika kahawa, katika maziwa, katika chai, hata katika chama kidogo cha ushirika cha kijiji kimoja. Kwa hiyo wenye chama na wachague waandishi waaminifu, na hesabu zisomwe mbele ya wote kila msimu, maana mali bila daftari hupotea bila habari. Mwenye kupeleka mazao na adai stakabadhi na kuitunza. Na aliyepewa kusimamia fedha za wakulima akumbuke ya kuwa anaposhika malipo ya watu ameshika shamba lao, kwa kuwa asiyelipwa hatapanda tena.

Pareto yenyewe haina madai makubwa. Yataka jua, baridi ya usiku, udongo usiotuama maji, na mkono wa kuichuma kwa wakati wake. Milima yetu inayo hayo yote, nayo mikono ipo. Kilichopungua kilikuwa malipo ya haki kwa wakati wake. Nacho hakitoki mbinguni kama mvua, bali hutoka kwa watu.